Bega la Ngazini

Kwa miaka kumi na moja, mke wa fundi wa miguu bandia alishuka kila ngazi akiwa amemshika mumewe begani. Goti alilomtengenezea lilikuwa la chuma tupu. Halikukunjika mpaka lifunguliwe kwa mkono, lakini halikuwahi kumwangusha hata siku moja. Fundi alijivunia goti lile, na bega lake pia.

Leo mkewe alitoka chumba cha majaribio na goti la fundi mwenzake, linalotumia betri.

"Mume wangu, hebu tazama." Alitembea mpaka ukutani akarudi. Goti lilikunjika na kunyooka kimya kimya, kama vile alizaliwa nalo. "Mwenzako anasema siku mbili tu za majaribio, limeshaujua mwendo wangu."

"Siku mbili," fundi alisema. Kijiba cha roho kikamshika.

"Twende zetu nyumbani. Leo ngazi nashuka mwenyewe."

Mkewe alipompita, fundi aliona taa ndogo nyuma ya goti. Ilikuwa nyekundu, inawaka na kuzima. Taa hiyo ya kuonya kuwa betri inakwisha aliwahi kuicheka mbele ya karakana nzima, akiwaambia kuwa betri ikiisha goti linalegea ghafla.

Alifungua mdomo. Mkewe alikuwa ameshafika juu ya ngazi, mikono yote miwili mitupu, anacheka peke yake.

Fundi akaufunga mdomo. Akawahi kushuka ngazi moja mbele yake, akaliweka bega palepale lilipozoea kukaa.

"Haya," alisema, "njoo."