Uso wa Golikipa

Historia ya timu ya vijana ya mpira wa magongo wa barafuni ilikuwa ukutani, picha moja kila mwaka. Golikipa aliyefungwa fainali hubaki pichani bila uso, na anayerithi glavu zake ndiye humkwangua, kwa chuma cha kiatu chake cha barafuni. Leo Saumu alirithi za kaka yake, Mbaruku.

“Mkwangue, bibiye, au rudisha glavu,” kocha alisema.

Mbaruku mwenyewe alimshikia picha isiteleze. “Mdogo wangu, usinitazame mimi. Tazama picha.”

Saumu akakwangua mdomo na pua, kisha akasita.

“Na macho, asije akatuchungulia,” wenzake wakacheka.

Mpiga picha alikwisha kuwapanga kwa picha ya mwaka huu, na katikati wamemwachia Saumu nafasi.