Mikono ya Mama Wilbert

Zilibaki hatua mbili afike madhabahuni kupokea Chakula cha Bwana, mzee wa kanisa akamzuia Mama Wilbert mbele ya foleni nzima.

"Ijumaa tulikuokota mtaroni pale Bonga, umelewa chakari. Leo una imani gani wewe?"

Mikono yake ilikuwa ikitetemeka tangu alfajiri, naye alikuwa ameificha ndani ya kitenge. Akaitoa, akainyoosha kanisa zima liione.

"Shikamoo, mzee. Ingekuwa imani ya kujitafutia mwenyewe, ningeshaiuza kilabuni zamani. Hii nimepewa na Mungu, ndiyo maana mpaka leo ninayo."

Hakungoja marahaba. Alimpita, akapiga magoti, na mchungaji alipomfikia na mkate, akakinga mikono ileile, ikitetemeka.