Safari ya Hamu

Siku hizi ndege huendeshwa kwa hamu ya abiria: ukitamani unakokwenda, masafa hufupika. Mwanangu Anaeli alipohamia Toronto, alikuwa akifika Kilimanjaro kwa nusu saa. Tangu mama mkwe wake akae naye huko, safari hii imemchukua saa kumi na moja.

"Mbona ndefu hivyo, baba?" nilimuuliza.

"Upepo tu, Mama."

Upepo! Na alipokula ndizi nyama zangu, akasifia za mkwewe. Mungu anisamehe, nilimwonea yule mama wivu hadi kifua kikauma.

Leo nimemsindikiza. Mlango wa ndege ulipofungwa, niliinamisha kichwa nimwombee safari njema. Simu ikaita.

"Mama, nimefika!" Nyuma yake mkwewe anacheka.

Hata amina sijasema.