Uzi Usio na Fundo

Sururu alisimama katikati ya vioo viwili vya fundi Mashavu, akijaribu kanzu yake ya harusi. Kioo kilitazamana na kioo, naye akajiona safu nzima mpaka macho yakashindwa kufika.

"Fundi, tumejaa!" akacheka. "Nasikia ulimwengu hauna mwisho. Basi iko miji mingine kama huu, na kina Sururu wengine wanaooa kesho."

"Na huko kwingine," aliuliza Mashavu, amepiga magoti kwenye pindo, "mume wangu yu hai?"

Kicheko kilikatika. Ushahidi wa uongo wa Sururu ndio uliompeleka mume huyo gerezani, akatoka amebebwa.

"Yaliyopita si ndwele, dada."

"Haya, bwana harusi. Tugange yajayo."

Katika mji ule, uzi wa nguo hupigwa fundo. Wa sanda haupigwi. Mashavu alishona pindo lote bila fundo, akakata uzi kwa meno. Dunia zikiwa nyingi hivyo, alijisemea, haikosi moja ambamo kanzu hii ni sanda.

"Imekukaa," alisema.

Sururu akajigeuza vioo viwili vikimtazama. Yule Sururu wa mbali kabisa kiooni alikuwa mdogo mno, haikujulikana kama amesimama au amelazwa.