Rundo Lililokataa Kuporomoka

Rundo la tatu la mawe ya taka ya mgodi lilipoporomoka, lilimeza choo cha meneja. Meneja mwenyewe, Bwana Marete, alikuwa ametoka humo dakika moja tu kabla, suruali bado ameishikilia mkononi.

Ndipo Runji alipoitwa. Alikuwa mwashi wa Runyenjes, mtu mfupi mwenye kiburi kirefu, aliyejenga kuta za mawe miaka ishirini bila hata moja kuinama. Mkewe Kiende alikwisha kutangaza kanisani kwamba mume wake sasa ni injinia wa mgodi wa chuma huko Siakago. Kwa hiyo kurudi nyumbani na aibu lilikuwa jambo lisilowezekana.

"Mkaguzi anakuja tarehe ishirini," Marete alimwambia. "Hii takataka ya mawe ikisonga hata inchi moja, anafunga mgodi. Watu sitini wanarudi nyumbani kupalilia mbaazi. Na mimi na wewe tunaongoza msafara."

Runji aliyatazama yale mawe yaliyomwagwa ovyo kama maganda ya viazi.

"Bwana meneja, hapa hakuna mtu amejenga. Hapa watu wametapika."

Akaanza upya. Alichimba msingi, akapanga mawe kwa ngazi, kila ngazi imeingia ndani kuliko ile ya chini yake, akaacha na mifereji ya maji. Mawe mepesi hakutaka hata kuyaona. "Jiwe jepesi ni kama mwanasiasa," alisema, "ukilisukuma kidogo linahama." Mepesi aliyapakia kwenye toroli, akazunguka mgodi mzima akiyabadilisha kwa mazito, kila moja amelipima kwanza mkononi. Hakuwa na tamaa. Palipotoka moja, aliacha moja, akaenda zake akiimba nyimbo za kanisa.

Aweys, dereva wa lori la kupeleka mawe ya chuma Mombasa, alimpungia mkono kutoka dirishani.

"Fundi! Lori siku hizi inapanda kilima kama mbuzi, walahi! Yule makanika wa kule Maua aliyeigusa enjini ni mtu hatari sana."

Runji aliitikia kwa kichwa tu. Ya enjini hayakumhusu.

Kisha mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Runji alisimama mbele ya rundo lake na mwavuli wa maua wa Kiende, akiomba kwa sauti bila kujali nani anacheka. Maji mekundu yalitiririka kwenye mifereji, yakaenda zake bondeni. Hakuna jiwe lililosogea.

Tarehe ishirini ikafika, na mkaguzi naye akafika. Madam Karimi alikuwa mama mnene mwenye viatu vya mpira na uso usiocheka. Alipanda ngazi ya kwanza, akarukaruka. Akapanda ya pili, akarukaruka. Halafu akarudi nyuma hatua tatu, akalipiga rundo teke kwa nguvu zake zote.

"Uuui!"

"Pole, Madam!" Marete alikaribia kuzimia. "Pole sana, tafadhali, si kupenda kwetu!"

"Usiniambie pole." Madam Karimi alikuwa akichechemea, lakini uso wake umeng'aa kama wa bibi harusi. "Nimepiga teke marundo ya Kenya nzima. Hili ndilo la kwanza kunirudishia."

Alipima mteremko, akaandika, akapiga muhuri.

"Lakini sikilizeni," Madam akaongeza. "Haya mawe yameshikana kama meno. Ukitoa moja, mengine yote yanafuata. Kuanzia leo hakuna mtu kugusa hata moja. Nikirudi nipate pengo, nafunga mgodi siku hiyo hiyo."

Runji mwenyewe ndiye aliyepaka kibao rangi: NI MARUFUKU KUONDOA JIWE. Madam alipoondoka, wachimbaji walishangilia hadi kuku wa jirani wakakimbia. Marete alimkumbatia Runji shingoni, akalia, na Runji naye akalia. Mawazoni alikwisha kumwona Kiende akisimama tena kanisani, safari hii bila kuombwa.

Walikuwa bado wamekumbatiana lori lilipoingia, limejaa vilevile lilivyoondoka. Aweys alishuka polepole, akavua kofia.

"Mombasa wamekataa mzigo," alisema. "Wanasema huu mwezi wote tunawaletea mawe matupu. Wanauliza, chuma yetu tunaipeleka wapi?"

Mikono ya Marete ilibaki palepale shingoni mwa Runji, ila haikuwa tena ya kumkumbatia.