Jana Ulikuwa Mrefu

Asubuhi hiyo Akai alikuwa amesimama katikati ya nyumba, sufuria kichwani kama kofia, akingoja mume wake ainue macho.

Ejore alikunywa chai. Akasogeza kidole kwa simu. Akacheka na simu.

"Ejore."

"Mm."

"Kichwani nimevaa nini?"

"Imekukaa vizuri," akasema, macho kwa simu.

Akai akatoa sufuria, akatia leso mbili kwa mfuko, akasimama mlangoni. "Nahama. Naenda Lodwar kuanza maisha upya, mahali hakuna mtu ananijua."

"Sawa. Ukirudi leta majani ya chai."

Huko Lodwar, alijiambia, atakuwa mgeni. Na mgeni huangaliwa, hata kuku humkazia macho. Lakini chini kabisa ya roho alikuwa na ombi moja dogo: Ejore aone nyumba imenyamaza, ashtuke, amtafute mji wao wa Kakuma wote, mpaka Lopur nje ya mji. Akishtuka, Akai atarudi. Asiposhtuka, basi, Lodwar ndiyo kwao.

Saa sita akashuka Lodwar. Hata hajajipangusa vumbi, akasikia anaitwa.

"Akai!"

Akageuka. Mtu akiitwa jina lake si hugeuka? Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mama mmoja mnene wa kuuza samaki ya kukauka, jina lake Namuar, akamkamata mkono, akamsalimu Kiturkana. "Ejok! Na wewe umepotelea wapi? Meza yako iko tupu tangu asubuhi, wateja wa vikapu vyako wananisumbua mimi!"

"Mama, mimi si..."

"Si nini? Si Akai?"

"Ni Akai, lakini..."

"Basi kaa."

Akai alilelewa asimbishie mkubwa mbele ya watu. Akakaa.

Mteja wa kwanza akamtazama, akakunja uso. "Akai, umefupika. Jana ulikuwa mrefu."

"Ni hii jua," Namuar akamjibia. "Kwani mshumaa haifupiki?"

Wa pili akamchungulia mdomo. "Na jana hukuwa na meno ya chini! Si yaling'olewa kimila ukiwa mtoto?"

"Imeota. Si aliombewa Jumapili?"

Wee! Habari ya meno ikatembea soko nzima. Wauza kuni wakaja. Wauza mkaa wakaja. Mzee mmoja wa kanisa akavua kofia, akasema, "Fungua, mama, tuone kazi ya Bwana." Akai akafungua. Mama mmoja akagonga jino na kucha, akapiga vigelegele. Watu wote wa soko waliona mdomo wake siku hiyo. Mwenye mdomo, hakuna aliyemwona.

"Mimi ni mgeni!" akapaza sauti. "Nimetoka Kakuma leo!"

"Maskini," mtu akasema nyuma. "Meno mpya huleta homa."

Jioni pikipiki ikasimama mbele ya meza.

"Bwana yako huyo," Namuar akanong'ona. "Ebei amekuja kukubeba."

Ebei akashuka, jitu refu la miguu ya korongo. Akamwangalia Akai. Akazunguka meza upande wa pili, akamwangalia tena, polepole, kama mtu anachagua mbuzi wa mahari.

"Huyu si Akai."

"Ni Akai!" soko likajibu.

"Si wangu. Wangu ako na kovu kwa nyusi, na akikasirika sikio moja husonga. Asubuhi aliniambia amechoka kuitwa-itwa na kila mtu, anaenda mahali hakuna mtu atamuita. Mimi nikadhani ni mchezo."

"Ebei, wacha pombe," Namuar akamkemea. "Mungu amekupa bibi na meno yote, bado unachagua?"

Ebei akakaa chini kando ya pikipiki, akashika kichwa.

Na Akai, badala ya kuogopa, machozi ya furaha yakamlenga. Tangu asubuhi hakuwa amesikia neno tamu kama hilo la "huyu si Akai". Kumbe kuna mwanaume huangalia bibi yake mpaka akajua sikio gani husonga! Na kama huyu ameweza, hata Ejore si ni mtu? Saa hii labda amezunguka mji akiuliza kila duka. Labda hata hajala.

Akatoa simu, akaandika: "Ejore, najua unanitafuta. Niko salama. Sema neno moja tu, kesho nirudi."

Jibu likaja papo hapo. Moyo ukamruka.

"Nikutafute na uko hapo jikoni? Akai, wacha mchezo, pakua chakula."

Akai akasoma mara ya kwanza. Akasoma mara ya pili. Kisha akaandika: "Huyo si mimi. Mwangalie."

Tiki mbili zikageuka buluu, na simu ikanyamaza.