Kunde za Kulow

Shimo lilikuwa bado bichi. Mmea mwingine wa kunde ulikuwa umeng'olewa, mizizi na udongo wake, na kama kawaida ulitoka kibanda cha pili. Cha kwanza hakikuguswa.

Dakta Musembi alichutama akalitazama. Zamani angefoka. Lakini ukame wa mwaka ule wa tisini na sita ulikuwa umemkausha hata hasira. Aliamka, akapima majani, akalala, basi.

Vibanda vyote viwili vya plastiki vilikuwa hapa Rhamu, kando ya mto Daua, na vilipewa maji kidogo, sawasawa. Cha pili tu ndicho kilichoongezewa hewa ya kaboni kutoka mitungini. Kunde za cha kwanza zilikuwa zimenyauka. Za cha pili zilikuwa kijani, maana jani likishiba hewa hiyo hufumba vinywa vyake na maji hayaponyoki. Hilo ndilo alilokuja kulithibitisha. Mimea ikizidi kupungua, hatakuwa na la kuonyesha, na mradi utafungwa.

"Ni Habibo," akasema Ogle, mlinzi. "Kila Ijumaa anabelekea bwana yake, Kulow."

Habibo ndiye aliyemwagilia vibanda. Alipoitwa hakukana wala hakuomba radhi. Uso wake haukuonyesha kitu.

"Kwa nini unang'oa za kibanda hiki tu?" Dakta akauliza.

"Wewe mwenyewe ulisema hii haisikii kiu. Ile ingine inakauka kesho yake. Ikikauka, Kulow habati raha."

"Ningekupa unga, mama."

"Unga hataki."

Kumbe Kulow ni mgonjwa, akawaza Dakta; aliyekataa unga amebakiza mboga tu. Aliona haya, na haya hiyo ilikuwa kitu cha kwanza kumgusa moyoni kwa muda mrefu. Mradi na ufungwe.

Ijumaa iliyofuata aliung'oa mmea mwenyewe, ule uliostawi kuliko yote, akaifunga mizizi kwa gunia lililoloweshwa. Sokoni alinunua chupa ya maziwa ya ngamia.

"Twende nikamwone Kulow," akasema.

Habibo alimtazama kidogo, kisha akatangulia.

Walipofika nyumbani kwake hakuingia. Dakta akadhani mgonjwa amehamishiwa kwa ndugu zake, akaendelea kumfuata.

"Blastiki moja utanipa?" Habibo akauliza bila kugeuka. "Nifunike Kulow na kunde yake, isikauke."

"Hapana, mama. Mgonjwa hafunikwi plastiki. Atakosa pumzi."

"Haya," akasema Habibo. Hakuomba tena.

Nyumba zikaisha. Mbele kulikuwa na miiba na vumbi tu, na Dakta akaanza kujiuliza ni ndugu gani hao wanaoishi mbali hivi na maji.

Habibo akasimama, akavua ndara. Akauchukua mmea kutoka mikononi mwa Dakta, akapiga magoti na kuanza kuchimba kwa vidole, upande wa kichwa wa tuta refu lililozungushiwa mawe.

Kunde za Ijumaa zote zilizopita zilikuwa zimepandwa pale juu ya Kulow, na zote zilikuwa zimekauka.